Jim Reeves: namba moja zake ni ngapi hasa, na rekodi ya asili inatambulikaje?

SindanoButu

Wakuu, salaam. Napanga upya mkusanyiko wa Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, mafaili kwa santuri, na nataka jedwali moja linalosomeka: wimbo, mwaka, lebo, nafasi ulioshika. Nimekwama pahali patatu.

Kwanza idadi ya namba moja. Kuna wanaoandika 11, kuna wanaoandika 6, na kuna wanaoapa kwamba "He'll Have to Go" iliongoza hadi chati ya pop. Nani mkweli?

Pili ni "I Love You Because". Wimbo ambao hata asiyejua kantri anaupiga mluzi, lakini nikifungua orodha za Marekani za miaka ya 1960 siuoni. Uliachwa, au orodha zangu zina matundu?

Tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Wimbo mmoja unakuja na sura nyingi. "Am I Losing You" ninayo miwili ambayo kwa masikio tu si rekodi moja, na miaka iliyoandikwa kwenye mafaili ni 1957, 1960, 1984 na 2011. Ipi ni ipi, na natambuaje bila kubahatisha?

Mwenye data aishushe. Porojo zimeshajaa kwingine.

ChatiYaZamani

Mkuu, shika 11, ila andika pembeni yake "chati ya kantri ya Billboard, Marekani". Billboard ni gazeti la Marekani la biashara ya muziki, na bila maneno hayo namba hiyo haina maana. Zenyewe ni "Mexican Joe" (1953), "Bimbo" (1954), "Four Walls" (1957), "Billy Bayou" (1959), "He'll Have to Go" (1960), "I Guess I'm Crazy" (1964), "This Is It" na "Is It Really Over?" (zote 1965), "Distant Drums" na "Blue Side of Lonesome" (zote 1966), halafu "I Won't Come In While He's There" (1967). Mbili za mwanzo ni za lebo ya Abbott, namba 116 na 148. Zilizobaki zote ni RCA Victor.

Wanaosema 6 wanahesabu zilizofika kileleni baada ya kifo tu. Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege ndogo karibu na Nashville, 31 Julai 1964, akiwa ndiye rubani, pamoja na mpiga kinanda wake Dean Manuel. Kuanzia "I Guess I'm Crazy" kwenda mbele, zote sita zilishika namba moja mwenyewe hayupo. Lakini hapo pana mtego. "I Guess I'm Crazy" ilikuwa tayari sokoni kabla ya ajali, kwa hiyo usiichanganye na zile zilizotolewa kabatini baadaye. Kufika kileleni baada ya kifo ni jambo moja, kutolewa baada ya kifo ni jingine, na kurekodiwa lini ni la tatu. Vipe safu tatu.

Kuhusu "He'll Have to Go": kwenye kantri ilikaa namba moja wiki 14, Februari hadi Mei 1960. Kwenye Hot 100, ambayo ndiyo chati ya pop, iliishia namba 2, imezuiwa na "Theme from A Summer Place" ya Percy Faith iliyogoma kushuka wiki 9. Billboard ilipofunga hesabu za mwaka mzima wa 1960, hizo mbili zikakaa vilevile, ya Faith ya 1 na ya Reeves ya 2. Kwa hiyo anayekwambia iliongoza pop, mwombe jina la chati. Kulikuwa na gazeti la Cash Box nalo, lina mahesabu yake, na nafasi za Cash Box hazihamishiwi kwenye safu ya Billboard hata kama zinapendeza.

Jingine la santuri hiyo: "He'll Have to Go" ilipangwa upande wa B. Upande wa A ulikuwa "In a Mansion Stands My Love". Watangazaji wa redio ndio walioigeuza sahani. Namba ya katalogi ni 47-7643 kwa pande zote mbili, maana namba ni ya sahani, si ya wimbo. Jedwali linalotumia namba ya katalogi kama kitambulisho cha wimbo litagongana hapo hapo, na litagongana tena mwaka huohuo wa 1960, kwa sababu "I Missed Me" na "Am I Losing You" zilitoka mgongo kwa mgongo na zote zikapanda: ya kwanza hadi 3, ya pili hadi 8.

Sasa wiki za kileleni. Mpaka Oktoba 1958 Billboard haikuwa na chati moja ya kantri. Kulikuwa na orodha ya mauzo madukani, ya jukeboksi (hii ilifutwa 1957), na ya nyimbo zinazopigwa zaidi na watangazaji. "Mexican Joe" ina idadi tofauti ya wiki kila orodha. Kosa la kawaida ni kuzijumlisha. Ni wiki zilezile za kalenda, unahesabu mara tatu. Joel Whitburn, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyonakiliwa na karibu kila mtu, alichukua ile orodha ambayo wimbo ulikaa kileleni muda mrefu zaidi, akaacha nyingine. Fanya hivyo hivyo. "Four Walls" ni mfano mzuri: namba moja yake ni ya orodha ya watangazaji, wiki 8, si ya mauzo. Ukitaka kuwa mkali kabisa, andika jina la orodha kwenye kila namba ya kabla ya 20 Oktoba 1958.

Na urefu wa chati usiusahau. Ile chati moja ilipoanza 1958 ilikuwa na nafasi 30 tu. Ikawa 50 Januari 1964, 75 mwaka 1966, 100 mwaka 1973. Wimbo uliostahili nafasi ya 40 mwaka 1961 haupo popote kwenye kumbukumbu, ila wa 1975 wenye nguvu hiyohiyo upo. Ndiyo maana ukihesabu nyimbo zilizoingia chati kwa kila muongo, miaka ya 1970 ya Reeves inaonekana na wingi usio wa kawaida kwa mtu aliyekufa 1964. Albamu ndiyo kabisa: chati ya albamu za kantri ilianza 11 Januari 1964. "Moonlight and Roses" (1964) na "Distant Drums" (1966) zilishika namba moja humo, lakini albamu ya "He'll Have to Go" ya 1960 haina nafasi ya kantri kwa sababu chati yenyewe haikuwepo. Usiandike sifuri. Andika "haikuwepo".

UpandeB

Naingilia kwenye swali la pili, maana hapo ndipo orodha za Kimarekani zinapowapoteza watu.

"I Love You Because" haikuachwa. Ilikuwa singo ya Uingereza. Ilitoka huko mwaka 1964, ikafika namba 5, ikakaa ndani ya chati wiki 39. Norway nako iliongoza mwaka huohuo. Marekani haikuingia chati ya kantri mpaka 1976, ikashika 54, na kama alivyosema ChatiYaZamani, kwa chati ya nafasi 30 hiyo 54 isingeonekana. Watu wanaijua kwa sababu santuri zilizosambaa duniani nje ya Marekani zilifuata sana mpangilio wa London. RCA Uingereza wakati ule ilisambazwa na kampuni ya Decca, na walichagua singo zao wenyewe kutoka kwenye albamu, hawakusubiri Nashville iseme.

Kwa hiyo safu ya Uingereza iwe ya peke yake na isifuate mwaka wa Marekani. Ukilazimisha mwaka mmoja utapata upuuzi. Tazama hizi. "Welcome to My World": Uingereza namba 6 mwaka 1963, Marekani kantri namba 2 mwaka 1964. Huku ilitangulia, kule ikafuata. "I Won't Forget You": Uingereza namba 3 mwaka 1964, Marekani kantri namba 3 mwaka 1965. Namba ileile, mwaka tofauti, na ndiyo inayowachanganya wanaonakili haraka. "He'll Have to Go": Uingereza 12 tu. Halafu "Distant Drums", ambayo Hot 100 iliishia 45, Uingereza iliongoza chati nzima, si ya kantri, wiki 5 kuanzia 22 Septemba 1966, mpaka Four Tops walipoitoa kwa "Reach Out I'll Be There". Mwaka wa Beatles na Small Faces, baladi ya mtu aliyekufa miaka miwili nyuma inakaa juu yao wote! Kwa maoni yangu hiyo ni habari kubwa kuliko zote 11 za Marekani, lakini jedwali halina safu ya maoni.

Tahadhari moja ya huko: miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa na magazeti kadhaa yenye chati, kila moja na hesabu yake. Zile namba zinazoitwa rasmi leo ni za Record Retailer kuanzia Machi 1960. Ukikutana na gazeti la zamani lenye nafasi tofauti na hizi, si lazima liwe limekosea, ni chati nyingine. Chagua moja ukae nayo.

Albamu za Uingereza nazo zina vituko. "According to My Heart" ilishika namba moja huko mwaka 1969. Ukiona hivyo utadhani ni kazi ya 1969. Marekani ilishatoka 1960 kwenye Camden, lebo ya bei nafuu ya RCA, na nyimbo zake ni za miaka ya 1950, za sauti yake ya zamani. Ya pili ni "40 Golden Greats" ya 1975, nayo namba moja. Hiyo ni mkusanyo wa nyimbo zilizokwishatoka. Zote mbili ziweke kwenye safu ya matoleo, sio safu ya rekodi.

FundiRili

Swali la tatu nalichukua mimi, na naomba usome taratibu kwa sababu kuna aina nne za "sura" na kila moja ina dalili zake.

Aina ya kwanza ni kurekodi upya. Ameingia studio mara ya pili, ameimba tena. "Am I Losing You" ndiyo hii. Ya kwanza ni mono (sauti ya njia moja) ya miaka ya 1950, ilishika namba 3 ya kantri mwaka 1957. Ya pili ni ya 1960, sterio (njia mbili, kushoto na kulia), ile iliyofika 8. Hapo huna "asili" na "nakala". Una rekodi mbili halali, zipe mistari miwili. Hiyo 1984 na 2011 ni miaka ya matoleo tu, mtu ameandika mwaka wa mkusanyo uliochapishwa tena. Isikilize, uone inaangukia kwenye ipi kati ya mbili.

Aina ya pili ni kupachika ala baada ya kifo. Sauti ni ileile ya zamani, muziki ni mpya. "Distant Drums" yenyewe ni hivyo. Sauti ilikuwa demo, yaani rekodi ya majaribio, aliyoirekodi kwa ajili ya mtunzi, Cindy Walker, na okestra ikapachikwa baadaye ndipo ikatoka 1966. Miaka ya 1970 RCA waliendelea kufanya hivyo sana, "It's Nothing to Me" iliyoshika 14 mwaka 1977 ni mmojawapo.

Aina ya tatu ni sterio ya kubuni, mono iliyogawanywa. Aina ya nne ni rekodi za vipindi vya redio na demo zilizochapishwa baadaye kwenye mikusanyo, mara nyingi bila kusema ni za redio.

Namna ya kutofautisha ya kwanza na ya pili bila kubahatisha ni hii. Chukua mafaili mawili unayoyashuku, yafungue kwenye programu ya kuhariri sauti, yageuze yote mono, kisha yapange ili herufi ya kwanza ya neno la kwanza ianze pamoja kabisa. Vuta picha ya wimbi karibu, usitegemee sikio kwenye hatua hii. Pindua wimbi la mojawapo, juu liwe chini, cheza yote mawili pamoja. Kama sauti ni ileile moja, Reeves atafifia, atasikika amezama kwa mbali, na ala zilizopachikwa zitabaki juu. Kama ni rekodi mbili, utasikia watu wawili wakiimba kwa kupishana, na hakuna kitakachofifia.

Mambo mawili yanaharibu jaribio hilo. La kwanza ni kasi. Mashine za utepe hazikwenda sawa, na tofauti ya asilimia 0.5 tu kwenye wimbo wa dakika 3 ni sekunde 0.9 mwishoni, kwa hiyo mstari wa kwanza utafifia vizuri halafu ubeti wa pili uanze kupishana, nawe uamue kimakosa kwamba ni rekodi tofauti. Pima umbali kati ya neno la kwanza na la mwisho kwenye kila faili, rekebisha kasi ya moja, rudia. Kasi irekebishwe pamoja na kimo cha sauti, usitumie ile njia ya kunyoosha muda peke yake. La pili ni mafaili yaliyobanwa sana. Hayafutani vizuri, yanaacha mchirizi kama wa mchanga. Sikiliza maneno, mchanga uache.

Kwa masikio tu pia kuna dalili, ingawa hazitoshi kuhukumu. Kwenye rekodi zilizopachikwa, besi ni ya umeme na ngoma ziko karibu mno, za kavu, wakati Nashville ya 1959 besi ilikuwa ile kubwa ya kusimama na ngoma ziko nyuma ya chumba. Mwangwi wa sauti nao hukatika ghafla mwisho wa mstari, kwa sababu waliojaza muziki mpya walipunguza sauti pale asipoimba ili kuficha ala za zamani zilizovuja kwenye kipaza sauti chake. Vaa spika za masikioni, sikiliza nafasi kati ya mstari na mstari. Kinanda cha mbali kisichoendana na kinanda cha mbele maana yake kuna muziki chini ya muziki.

Ukitaka kipimo cha kulinganishia, tumia "He'll Have to Go" yenyewe. Ilirekodiwa Oktoba 1959, RCA Studio B, prodyuza Chet Atkins, Floyd Cramer kwenye kinanda, Bob Moore besi, Buddy Harman ngoma, Hank Garland gitaa, Marvin Hughes vibrafoni, na waitikiaji wa Anita Kerr. Ala chache, kila moja ina nafasi yake, sauti imesogezwa karibu kabisa na kipaza sauti. Toleo lolote lenye fidla nyingi juu ya hapo si hilo.

SindanoButu

Shukrani sana wakuu, mmenifungua. Maswali ya nyongeza. Santuri ninazo mbili zimeandikwa LSP kwenye kava, moja ina (e) ndogo baada ya namba. Na kwenye ukingo wa ndani karibu na lebo kuna herufi zimekwaruzwa: L2PY kisha tarakimu, na pembeni kuna I peke yake. Hizo zinasema nini? Na ile aliyoimba na Patsy Cline naiweka wapi?

FundiRili

LPM ni mono, LSP ni sterio, namba inayofuata ni ileile: albamu ya "He'll Have to Go" ni LPM-2223 kwa mono na LSP-2223 kwa sterio. Ikiwa na (e), ni ile aina ya tatu niliyosema: mono iliyopitishwa kwenye mashine, besi imesukumwa upande mmoja, sauti nyembamba upande mwingine, na mwangwi umeongezwa. Badili iwe mono wakati wa kuinakili, na hata hivyo mwangwi hautoki. Tafuta LPM ya namba hiyohiyo, itakuwa safi zaidi. Kwa lebo ya Camden kanuni ni hiyohiyo, CAL mono na CAS sterio, na CAS za nyimbo za miaka ya 1950 zishuku kabla hujaziweka kwenye mashine. "Four Walls" ilirekodiwa Februari 1957, kabla Studio B haijafunguliwa. Sterio yoyote ya wimbo huo iulize imetoka wapi.

Herufi za ukingoni ni hazina. Kwa sahani za RCA za Marekani herufi ya kwanza ni mwaka: F ni 1955, G 1956, H 1957, J 1958, K 1959, L 1960, M 1961, N 1962, P 1963, R 1964, S 1965, T 1966, U 1967. I, O na Q zimerukwa. L2PY ni albamu ya sterio ya 1960, ingekuwa mono ingesoma L2PP. Kuanzia 1963 hivi mtindo ulibadilika, utakuta TPRM kwa mono na TPRS kwa sterio ya 1966, herufi ya mwisho ndiyo inayosema. Ile I ya peke yake si mwaka, ni kiwanda cha Indianapolis. R ya peke yake ni Rockaway, H ni Hollywood. Wengi wanaisoma H ya kiwanda kama 1957, wanaingia mkenge.

Na mwaka huo ni wa sahani kuandikishwa, si wa kuimba. Albamu ya 1966 yenye sauti ya 1961 itasoma T. Tarehe za kuimba zipo kwenye orodha za vipindi vya kurekodi, na iliyo kamili zaidi imo kwenye kasha la kampuni ya Bear Family la 1994, "Welcome to My World", sahani 16 na kitabu chake. Ghali, lakini kitabu hicho pekee kinamaliza nusu ya mabishano, na humo kuna nyimbo nyingi bila ala za kupachikwa.

ChatiYaZamani

Patsy Cline: hawakuwahi kurekodi pamoja. Cline alikufa 5 Machi 1963, alikuwa wa Decca, Reeves wa RCA, na "Have You Ever Been Lonely" kila mmoja aliirekodi kivyake. Mafundi waliziunganisha, ikatoka 1981 na kufika 5 kwenye kantri. Zile na Deborah Allen za 1979 na 1980 ni hivyo hivyo, ila Allen alikuwa hai akaimba juu ya utepe: "Don't Let Me Cross Over" 10, "Oh, How I Miss You Tonight" 6, "Take Me in Your Arms and Hold Me" 10. Kwenye chati ni halali kabisa, ziingie. Kwenye orodha ya rekodi zake zisiingie kama vipindi vipya, maana hakuna kipindi kilichofanyika.

UpandeB

Hapo natofautiana kidogo. Ukiziacha nje ya orodha ya rekodi, mtu akitafuta faili la dueti hatalipata. Ziweke, ila safu ya tarehe ya kurekodi ibebe tarehe mbili, ya sauti na ya kuunganisha, na aina iandikwe "muunganiko". Dueti la kweli lipo, mojawapo la mapema ni "I Love You" na Ginny Wright, namba 3 mwaka 1954, hilo waliliimba pamoja. Programu ya jedwali ikiona neno "dueti" tupu itayachanganya.

ChatiYaZamani

Tarehe mbili nakubali. Ila usiite dueti.

FundiRili

Safu ninazopendekeza, kwa mpangilio huu: jina la wimbo, tarehe ya sauti, tarehe ya kupachika kama ipo, aina (asili, marudio, iliyopachikwa, muunganiko, redio), lebo na namba ya kwanza kutoka, upande A au B, mono au sterio au (e), halafu ndipo chati: Marekani kantri na mwaka wake, Marekani pop, Uingereza na mwaka wake. Mwaka wa toleo ulilonalo mkononi uende mwisho kabisa.

Nyimbo za Kiafrikaana alizorekodi kwa soko la Afrika Kusini zipe karatasi yake. Hazina chati ya Marekani na zitakujazia nafasi tupu.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujaanza kujaza. Mikusanyo ya bei rahisi ya Ulaya, ile ya nyimbo 50 hadi 100 kwa mpigo, mingi inaishia 1962. Sababu ni sheria: ulinzi wa rekodi huko ulikuwa miaka 50, na ulipoongezwa kuwa 70 haukurudi kwenye zile zilizokwisha toka kabla ya 1963. Kwa hiyo yeyote anaweza kuchapa za kabla ya hapo, mara nyingi kwa kunakili kutoka kwenye santuri, na mwaka anajiandikia. Ukiona "Distant Drums" kwenye mkusanyo wa aina hiyo, au jina la mkusanyo linasema 1953 hadi 1962 na ndani kuna "I Guess I'm Crazy", anza na faili hilo kwenye jaribio la kupindua wimbi kabla ya kuliamini.

SindanoButu

Limeeleweka mkuu. Nimejaribu na hizo mbili za "Am I Losing You": wanapishana toka neno la kwanza, hakuna kinachofifia. Ya 1984 na ya 1960 zimefutana mpaka ubeti wa pili, kisha zikaanza kuachana.

FundiRili

Hiyo ni kasi. Pima neno la kwanza na la mwisho, rekebisha, rudia. Zikifutana hadi mwisho, ni rekodi moja: baki na faili lenye mwangwi mdogo, jingine liondoe.